Posho ya Usumbufu na Mtani Wangu wa Dodoma

Ninyi mafundi vijana mnanijia na barua zenu za ajira kwenye simu. Mzee Maganga, nimepata kazi Geita. Mzee Maganga, nimepata Mbeya, wananipa na posho ya kuhama, unaonaje. Mnaniuliza huku mmeshafunga mabegi. Nami nawajibu vilevile kila mara: isome ukiwa umekaa, na ukifika palipoandikwa mdhamini, weka kidole hapo na usikiondoe mpaka ujue huyo mtu atakatwa nini siku utakapoondoka. Mnacheka, mnasema mzee ameanza. Na mimi nilicheka, tena mbele ya huyo mdhamini mwenyewe. Ndiyo maana nimeona niandike.

Nilikuwa fundi mizani. Sikuuza mizani wala sikupima mazao. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mizani haimwibii mkulima wala mnunuzi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilizunguka na boksi la mawe ya kupimia kwenye masoko ya tumbaku, vituo vya pamba na maghala ya asali, kuanzia Tabora mjini hadi Urambo, Sikonge na kwetu Nzega. Bega langu la kulia hadi leo limeshuka kwa sababu ya boksi lile, na mke wangu Rehema husema ndiyo alama anayonitambulia nikiwa bado mbali.

Niwape la kazi kwanza, msije mkasema nimewaita bure. Ukifika sokoni usikimbilie kutazama mshale. Tazama miguu ya mizani na ardhi iliyokalia. Ukiiweka kwenye udongo wa mbuga siku moja baada ya mvua, asubuhi itasema kweli na ikifika saa nane itakuwa imezama upande mmoja. Chukua gunia moja ulipime kwenye pembe zote nne za bamba. Majibu yakitofautiana, usimruhusu mtu yeyote auze. Mawe ya kupimia usiyashike kwa mikono yenye jasho. Na ninyi wa mizani ya tarakimu nyekundu, msijidai sana. Betri yake ikichoka inaendelea kuandika namba kwa kujiamini kabisa. Nimewahi kumkuta mkulima na mnunuzi wamegombana nusu siku juu ya namba ya namna hiyo.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Sefu, fundi wa mjini, mwenye karakana ya chumba kimoja upande wa stesheni na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Msimu wangu wa pili alinituma kurekebisha mizani ya pamba kule Lusu, kijijini kwetu, nami nikasahau bisibisi juu ya fito za chini ya bamba. Kila gunia likawa linapata nyongeza ambayo halikustahili. Wakulima, ambao wote ni jamaa zangu, wakaanza kunisifu kwamba mtoto wetu ameelimika, na mama yangu akaletewa kuku wawili. Niligundua jioni nilipoitafuta bisibisi. Nilirudi karakanani nikimsimulia Mzee Sefu kama kichekesho, nikitegemea tucheke wote.

Hakucheka. "Rudi," aliniambia. "Kosa la mizani linasemwa palepale, mbele ya waliopimwa. Hili siyo la kuandikia barua."

Nilirudi Lusu, nikasema. Magunia yalipimwa upya siku nzima na kuku wakarudi kwa wenyewe. Mama hakunisemesha siku tatu.

Sasa Dodoma. Nilikuwa nimepita hamsini nilipoitwa na kampuni moja iliyokuwa inaleta mizani mipya na kuihudumia kanda ya kati. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili ya ule niliouzoea. Juu yake kulikuwa na posho ya usumbufu, ndivyo walivyoiita: nauli ya mke na watoto, lori la mizigo ya tani tatu, na fedha ya kujikimu wakati natafuta nyumba. Jumla milioni mbili na laki nne, mkononi, siku ya kwanza. Mkataba ulisema ukiacha kazi kabla ya mwaka kwisha unairudisha yote, na usipoirudisha atawajibika mdhamini wako.

Mdhamini alitakiwa awe mfanyakazi wa palepale, nami Dodoma sikuwa na ninayemjua. Aliyekuwa ananihesabia fedha ni mhasibu, Yona Chilongani, Mgogo wa Bahi, mtu mrefu mwenye sauti ya kwaya. Aliinua macho akaniuliza mimi ni kabila gani. Nikamwambia Mnyamwezi. Akaweka kalamu chini, akajisogeza nyuma ya kiti, uso wote ukafunguka.

Kwa wale mliozaliwa juzi, niwaeleze utani huu. Babu zetu walikuwa wapagazi wa misafara. Walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani, kwa miguu, na katikati ya njia kuna Ugogo, nchi kavu yenye visima vya kuhesabu. Hakuna msafara uliopita pale bila kuwalipa wenyeji hongo. Siyo hongo hii ya kupeana chini ya meza. Ulikuwa ushuru wa njia na wa maji, unalipwa mchana kweupe kwa nguo na shanga, na kelele za kupatana bei zilichukua siku kadhaa. Wazee wetu walituambia utani wetu na Wagogo ulitoka kwenye kelele hizo. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kukasirika, na siku ya msiba ndiye anayekuzika.

Basi Yona alisema babu zangu walipita kwao wakaondoka bila kumaliza kulipa, na vitabu bado viko wazi. "Nakudhamini mimi," alisema. "Ukitoroka na posho yetu utailipa kama hongo, Mnyamwezi, tena kwa kuibeba kichwani." Akatia saini. Ofisi nzima ilicheka. Nikamjibu kwamba Mnyamwezi hajawahi kushindwa na mzigo, nikatia yangu. Ule mstari wa mdhamini sikuusoma hata mara moja. Ulikuwa umeshakuwa mzaha, na mzaha hausomwi.

Posho yenyewe sikuhamia nayo. Nilikwenda Dodoma na begi, godoro na boksi langu la mawe. Rehema alibaki nyumbani kwetu Ipuli, hapa Tabora, kwa sababu ya shule za watoto, na zile tani tatu za mizigo nikazigeuza kuwa bati. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya mbele ambavyo kwa miaka mingi havikuwa na paa, mbuzi wa jirani ndio walikuwa wapangaji. Nilijiona mwerevu sana.

Mwezi wangu wa nne kazini mama alipatwa na kiharusi kule Lusu. Kwa mama nilikuwa nimebaki peke yangu, ndugu zangu wote wameshatangulia. Nikaomba ruhusa ya siku saba, nikamkuta amelalia upande mmoja, mkono wa kulia hauna kazi, ananiita kwa jina la marehemu baba. Siku ya saba nilitakiwa kupanda basi. Sikupanda. Niliandika barua ya kuacha kazi kwenye karatasi ya daftari, nikaituma kwa basi hilohilo. Barua ile siijutii hata leo. Ninachojutia ni kwamba haikuwa na neno hata moja kuhusu posho. Nilijiambia mshahara wa mwezi ule sikuuchukua, watakata humo, yataisha.

Yona alinipigia simu mwezi uliofuata. Akasema msafara umepita bila kulipa, nilete hongo. Nikamwambia aje aichukue mwenyewe kama ana miguu ya kutembea mpaka Unyamwezi. Tulicheka. Mwezi mwingine akapiga tena, akasema wenyeji wamefunga kisima. Nikamjibu kwamba tutakunywa mvua. Mara ya tatu alisema, "Mtani, mzigo wako umeniumiza shingo." Nikamwambia sasa amejua kazi ya babu zangu. Nakumbuka kwamba mara ile hakucheka. Nilidhani ni mtandao.

Mama alilala miezi sita, kisha akafariki. Tulikuwa tumetoka nyumbani na jeneza kuelekea makaburini, kwaya ya Moraviani ikiwa mbele, nikaona mtu mrefu aliyevaa suti amejilaza katikati ya njia, kwenye vumbi. Kwaya ikasimama. "Msafara haupiti," alisema Yona. "Njia hii ina mwenyewe." Wazee wa Lusu walifurahi mno, maana mtani wa kutoka mbali kiasi kile walikuwa hawajamwona siku nyingi. Wakaniambia nilipe upesi, jua linachoma. Tangu mama afumbe macho sikuwa nimelia wala kucheka, na pale vyote viwili vilinitoka pamoja. Nilijipapasa nikapata sarafu ya mia tano. Yona akainuka, akaionyesha kwa watu wote, akaitia mfuko wa shati.

"Imetosha," alisema. "Deni limekwisha, mtani."

Kisha akavua koti, akashika koleo, akafukia kaburi la mama yangu mpaka mwisho, akiwakemea vijana wetu kwamba wanafukia kama watu wenye njaa. Nilimpenda siku ile kuliko ndugu wa kuzaliwa. Na nisiwafiche: lile neno lake la deni nililichukua nikaliweka. Moyoni nilisema, amesema mbele ya jeneza, yamekwisha.

Miezi ikapita. Siku moja nilipiga simu Dodoma kuulizia kipuri cha mizani ya ghala la asali, akapokea dada aliyekuwa mtunza stoo. Tulipomaliza habari za kipuri aliniuliza, kwa upole, kama nimeanza kumrudishia Yona. Nikamuuliza kumrudishia nini. Akasema Yona anakatwa laki na nusu kila mwezi tangu nilipoondoka. Kampuni haikuwa na haja ya kunitafuta mimi huku porini. Ilikuwa na mdhamini ndani ya nyumba. Akasema Neema, binti yake mkubwa, amerudishwa kutoka chuo cha uuguzi kwa kukosa ada. Akasema hata nauli ya kuja kumzika mama yangu walimchangia pale ofisini.

Nilikuwa nimesimama katika chumba cha mbele, chini ya bati lile. Niliona aibu, nikakaa sakafuni. Rehema alipokuja nikamweleza yote. Hakunipigia kelele. Alitazama juu, akauliza, "Kwa hiyo mvua yote hii aliyetukinga ni Chilongani?" Kisha akaanza kutoa vitu. Wiki hiyohiyo vyumba vile viwili vilipata wapangaji, nasi tukabanana sita kwenye chumba kimoja na sebule.

Ningeweza kutuma fedha kwa simu nikaandika pole. Wengi wenu ndivyo mngefanya, na mngeweka na kile kikatuni cha kulia. Mzee Sefu alikuwa ameshafariki, lakini nilimsikia. Nikakusanya kodi ya wapangaji na malipo ya masoko mawili ya tumbaku, nikapanda basi la kupitia Itigi na Manyoni. Njia nzima nilikuwa natazama nje, ile nchi ya vichaka vya miiba, nikiwafikiria wapagazi wetu. Wao walijua wanadaiwa kabla hawajafika.

Nilimkuta Yona nyumbani kwake, amekonda. Aliponiona mlangoni alianza kusema kwamba msafara umerudi, nikamkatiza.

"Yona, leo nakuita kwa jina lako. Sikuja kwa utani."

Akakaa. Mkewe, Mama Neema, alikuwa mkekani anachambua mlenda, akasimamisha mikono. Nikamuuliza Yona kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia mara tatu," alisema. "Mimi na wewe tuna lugha gani nyingine? Nikasema nikija kumzika mama nitakuvuta pembeni nikueleze vizuri. Nikakuona ulivyokuwa. Nikashindwa."

Nilitoa fedha nikaziweka mezani. Alizisukuma kwangu. Akasema alishatamka mbele ya jeneza kwamba deni limekwisha, nisimfanye mwongo kwa marehemu. Nikazisukuma kwake. Tungekaa hivyo mpaka kesho kama Mama Neema asingesema kutoka mkekani, bila kuinua sauti: "Wewe ndiye uliyesema, baba Neema. Mimi sikusema. Mtoto hajarudi chuoni." Akainuka, akafuta mikono kwenye khanga, akazichukua.

Tangu siku ile fedha zilikwenda kwake, kila mwezi, kidogo mwezi mbaya na zaidi msimu wa masoko. Nilirekebisha mizani ambayo zamani nisingeigusa, ya mabucha, ya wachuuzi wa samaki, hata ya kliniki moja ya kupimia watoto wachanga. Neema alirudi chuoni. Huo ndio upande mwepesi wa habari hii.

Upande mzito ni kwamba mimi na Yona hatukutaniana tena. Tulipigiana simu, tukasalimiana kwa adabu, habari za nyumbani, habari za kazi, Mungu akubariki, kama watu waliokutana benki. Nilijua mimi ndiye niliyeufunga utani ule siku nilipomwita kwa jina, na nilijua ilibidi. Nikajiwekea ahadi: siku nitakapomaliza shilingi ya mwisho nitampigia, nitamwambia Mgogo fungua kisima. Nilifanya mazoezi ya maneno yenyewe nikiwa njiani na baiskeli. Rehema alikuwa ananisikia nikicheka peke yangu uani.

Zilikuwa zimebaki laki tatu Neema aliponipigia. Alisema shikamoo baba, kisha akashindwa kuendelea. Nikajua.

Kwa hiyo ninapowaambia msome mstari wa mdhamini, sisemi kwa sababu ya fedha. Fedha nilizilipa, na ninyi mtazilipa. Nasema kwa sababu mtu mwingine alibeba mzigo wangu mwaka mzima, akaniambia unamwumiza kwa maneno pekee aliyoruhusiwa kuniambia, nami fundi mzima, niliyelipwa kuijua mizani inayodanganya, nikasikiliza mara tatu na nikapima vibaya mara tatu. Mkiondoka kazini kabla ya muda, ondokeni kama kuna la kuondokea. Lakini siku ileile, kabla ya basi, mtafuteni aliyewatilia saini mumuulize anakatwa nini.

Yona tulimzika kwao, Bahi. Nilifika na bahasha yenye zile laki tatu, nilizokopa kwa wapangaji wetu na kwa mwenye bucha. Noti nyingi zilikuwa za elfu mbili na elfu tano, kwa hiyo bahasha ilikuwa imevimba. Jeneza lilipotolewa ndani, mzee mmoja wa ukoo aliuliza kwa sauti mtani wa marehemu kutoka Tabora yuko wapi, na watu wakanipisha ili nizuie njia. Nilisimama mbele ya jeneza. Maneno yote niliyoyafanyia mazoezi kwenye baiskeli yalikuwa yamenikimbia. Watu walisubiri. Niliona ile njia, na Neema akiwa na sare yake ya uuguzi, na Mama Neema ameshikiliwa na wanawake wawili.

"Wagogo," nilisema, "msafara umefika. Tumeleta hongo iliyobaki."

Nikampa Mama Neema bahasha kwa mikono miwili. Watu walicheka, tena kicheko kikubwa cha watu waliolia usiku kucha, hata mchungaji akageuza uso. Walidhani nimejaza magazeti, maana ndivyo watani tunavyofanya. Walicheka vilevile nilivyocheka mimi siku ya kutia saini. Mama Neema peke yake hakucheka. Aliipima bahasha mkononi bila kuifungua, akanitazama, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Imetosha. Njia iko wazi, mpitisheni."

Vijana waliinama kulinyanyua jeneza. Mmoja alinipisha nafasi yake, nami nikaingiza bega langu la kulia, lile lililoshuka, nikambeba.